Tusingoje Giza Lituingie Ndipo Tutafute Taa

Kila baada ya miaka michache huzuka ujumbe ule ule katika simu zetu. Humwonya mpokeaji azime simu yake na kuiweka mbali na mwili kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu usiku, kwa madai kwamba miale hatari kutoka angani itapita karibu na dunia. Husemwa kwamba onyo hilo limetolewa na wataalamu wa anga wa Marekani na kutangazwa na redio ya Uingereza. Wataalamu hao hawajapata kulitoa, wala redio hiyo haijapata kulitangaza. Hata hivyo, watu wazima wenye akili timamu hulisambaza kwa jamaa na marafiki, na asubuhi inapopambazuka bila la kutokea, hulisahau hadi litakaporudi tena.

Nilipokuwa nikifundisha, mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu alinisimulia ujumbe huo, ambao ulikuwa umefika katika simu ya mamake. Akaniuliza, "Mwalimu, ni kweli jua laweza kuichoma simu?" Nilimjibu kwa mkato kwamba huo ulikuwa uzushi mtupu, nikageuka kuendelea kuandika ubaoni. Jibu langu halikuwa na kosa, lakini lilikuwa nusu ya jibu, na nusu niliyoinyima darasa ndiyo iliyokuwa na uzito. Jua haliwezi kuichoma simu iliyo mkononi mwako. Laweza, hata hivyo, kuuzima umeme unaoitia simu hiyo moto. Makala haya ni nusu ya jibu ambayo sikuitoa siku ile.

Tumezoea kuliona jua kama taa isiyobadilika. Kumbe usoni mwake mna madoa meusi ambayo huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa takriban miaka 11. Penye madoa hayo nguvu za sumaku hujisokota mithili ya kamba iliyopotolewa kupita kiasi. Kamba hiyo inapofyatuka, jua huweza kutema angani wingu la gesi moto yenye chaji za umeme, ambalo uzito wake hufikia mabilioni ya tani. Mwanga wa mlipuko hutufikia kwa muda wa dakika 8. Wingu lenyewe huchukua kati ya saa 15 na siku kadhaa. Aghalabu hutupita kando. Likitukabili uso kwa uso, huitikisa ngao ya sumaku inayoizunguka dunia, na mtikisiko huo ndio wataalamu wanaouita dhoruba ya sumaku.

Hapa ndipo somo la Fizikia linapoingia. Mnamo mwaka 1831, Michael Faraday alionyesha kwamba nguvu ya sumaku inapobadilika karibu na waya, mkondo wa umeme huzaliwa ndani ya waya huo. Mwanafunzi yeyote aliyewahi kuingiza sumaku katika koili na kuuona mshale wa galvanomita ukicheza amelishuhudia jambo hili kwa macho yake mwenyewe. Wakati wa dhoruba, sumaku inayotikisika ni dunia nzima, na koili ni nyaya za umeme zikishirikiana na ardhi iliyo chini yake. Waya ukiwa mrefu, nguvu hiyo hujumlika hatua kwa hatua. Nyaya za simu yako ni za sentimita chache tu, na hapo dhoruba haina pa kushika. Waya unaokata mbuga na milima kwa kilomita mia nne ni habari nyingine kabisa.

Ulimwengu ulionyeshwa jambo hili kabla taa ya umeme haijaingia majumbani. Tarehe 1 Septemba 1859, Mwingereza Richard Carrington alikuwa akichora madoa ya jua nyumbani kwake Redhill, kusini mwa London, alipouona mwako mweupe uliodumu dakika chache kisha ukatoweka. Baada ya saa 17 na nusu hivi, mianga ya rangi ambayo huonekana karibu na ncha za dunia ilitanda hadi katika anga ya Cuba. Makarani wengine wa telegrafu walipigwa na umeme wakiwa kazini. Kati ya Boston na Portland nchini Marekani, makarani walizitenga betri zao kando, wakaendelea kupelekeana habari kwa umeme uliozaliwa na dhoruba peke yake. Hasara ilikuwa ndogo kwa sababu moja tu: binadamu wa zama hizo hakuwa ameyakabidhi maisha yake kwa waya.

Miaka 130 baadaye mambo yalikuwa yamebadilika. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Machi 1989, wakazi wa jimbo la Quebec nchini Kanada walikuwa wamelala huku baridi kali ikiwa nje. Umeme wao mwingi hutoka katika mabwawa ya kaskazini, na husafirishwa kwa nyaya za kilovolti 735 hadi Montreal, mwendo wa kilomita elfu moja hivi. Isitoshe, ardhi ya eneo hilo ni mwamba mgumu usiopitisha umeme vizuri, kwa hiyo mkondo unaozaliwa na dhoruba huiona njia ya nyaya kuwa rahisi kuliko ya ardhini. Ilipokaribia saa tisa kasorobo usiku, mitambo 7 inayosawazisha volteji katika nyaya hizo ilijizima, mmoja baada ya mwingine, kwa muda wa dakika moja hivi. Kabla ya dakika mbili kwisha, gridi nzima ilikuwa imeanguka. Watu milioni 6 walibaki gizani, na wengi wao walikaa hivyo kwa saa 9. Treni za chini ya ardhi zilisimama, na viwanda na shule zikafungwa.

Hapakuwa na nguzo iliyovunjika Quebec usiku ule, wala bomu lililolipuka. Mitambo mingi ilijizima kwa kujilinda, kama ilivyoundwa kufanya, na ndiyo sababu umeme uliweza kurudi siku ile ile. Lakini huko New Jersey, Marekani, transfoma moja kubwa ya kituo cha nyuklia cha Salem iliharibiwa na dhoruba hiyo hiyo isitumike tena. Hiyo ndiyo hatari iliyo kubwa kuliko giza la saa chache.

Kwa nini transfoma? Umeme wetu hubadili mwelekeo, huenda na kurudi mara 50 kila sekunde, na transfoma imeundwa kwa umeme wa namna hiyo. Mkondo unaoletwa na dhoruba hubadilika polepole, kwa dakika nzima, na kwa transfoma huwa kama mkondo wa betri unaosukuma upande mmoja tu. Chuma kilicho ndani ya mtambo hushiba sumaku kisiweze kupokea zaidi. Nguvu iliyokosa mahali pa kwenda hufurika nje ya chuma, ikaleta joto pasipostahili kuwa na joto. Mafuta huchemka na vihami huungua. Transfoma kubwa ya gridi si bidhaa ya kununuliwa dukani. Huagizwa, huundwa kwa vipimo vya mwenye kuihitaji, huwa na uzito wa zaidi ya tani mia moja, na kuingoja ni jambo la mwaka mmoja au zaidi. Nchi inayopoteza moja hupata shida. Inayopoteza kadhaa kwa usiku mmoja hurudi nyuma miaka.

Yapo pia madhara ya jamii hii yanayotoka mikononi mwa binadamu. Tarehe 9 Julai 1962, Marekani ililipua bomu la nyuklia kilomita 400 juu ya Bahari ya Pasifiki, karibu na kisiwa cha Johnston. Huko Honolulu, umbali wa takriban kilomita 1,400, taa za barabarani zipatazo 300 zilizimika na kengele za kuzuia wezi zikalia ovyo. Miezi michache baadaye, majaribio ya Muungano wa Kisovieti juu ya Kazakhstan yaliharibu nyaya ndefu za simu na kebo ya umeme iliyokuwa imezikwa ardhini. Mlipuko wa namna hiyo hutoa mpigo wa sumakuumeme. Sehemu yake ya mwanzo ni ya kasi isiyosemeka, nayo huweza kuviua vifaa vya elektroniki vilivyo karibu na vya mbali. Sehemu yake ya mwisho ni ya polepole, na huzishambulia nyaya ndefu kama dhoruba ya jua inavyofanya. Mkataba wa mwaka 1963 ulipiga marufuku majaribio ya nyuklia angani, lakini ujuzi haukufutwa, na silaha zenyewe zingalipo.

Sasa tujitazame sisi wenyewe. Tuseme kweli bila kutia chumvi: Kenya iko mbali na ncha za dunia, ambako dhoruba hizi huuma zaidi. Yeyote atakayewaambia wanafunzi kwamba kesho jua litaizima Nairobi atakuwa ndugu wa yule mwandishi wa ujumbe wa saa sita na nusu. Lakini umbali si kinga kamili. Afrika Kusini nayo iko mbali na ncha hizo, na baada ya dhoruba za mwishoni mwa Oktoba 2003, transfoma kadhaa za nchi hiyo zilianza kuoza ndani kwa ndani, kisha zikaharibika katika miezi iliyofuata. Hazikulipuka siku ya dhoruba. Lau wahandisi hawangezichunguza kwa makini, lawama ingetupiwa uzee au mafuta mabaya. Fauka ya hayo, ikweta ya sumaku hupita jirani yetu, nchini Ethiopia, na juu yake mchana hutiririka angani mkondo mkubwa wa umeme ambao hutikisika vikali dhoruba inapobisha hodi.

Wakati huo huo, nyaya zetu zinarefuka. Umeme wa upepo wa Turkana husafiri zaidi ya kilomita 400 kutoka Loiyangalani hadi Suswa. Tangu mwaka 2022 tunapokea umeme wa Ethiopia kwa laini ya zaidi ya kilomita elfu moja, na gridi yetu imeunganishwa na ya Tanzania kupitia Isinya. Haya ni maendeleo ya kupongezwa. Lakini aliyeunganisha paa na jirani ajue kwamba moto wa jirani nao umepata njia.

Na gridi yenyewe i hali gani? Tarehe 7 Juni 2016, tumbili mmoja alipanda juu ya kituo cha umeme cha Gitaru, akaiangukia transfoma, nayo ikajizima. Mitambo mingine ikalemewa, ikazimika pia, na nchi nzima ikaingia gizani kwa saa kadhaa. Tumbili alinusurika. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulipotea tena karibu kote nchini, na wengine waliungoja kwa zaidi ya saa 12. Katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, jenereta ya sehemu moja haikuwaka, na wageni waliotoka ng'ambo wakapokewa na giza. Novemba na Desemba ya mwaka huo huo giza lilirudi. Gridi inayoangushwa na tumbili haina haja ya kuliogopa jua peke yake, lakini haina pia sababu ya kujivuna mbele yake.

Linganisha, msomaji, mwaka 1989 na leo. Mkazi wa Montreal alipoamka gizani alikuwa na noti mfukoni. Leo mama mboga wa Gikomba hulipwa kwa simu, na simu hutegemea mnara, na mnara hutegemea umeme, au betri inayokwisha baada ya saa chache. Maji ya mijini husukumwa na pampu. Chanjo za watoto hukaa ndani ya jokofu. Mwanafunzi husomea katika tarakilishi. Hata saa zinazoongoza mitambo ya simu na benki hupokea wakati kutoka kwa setilaiti, ambazo ndizo za kwanza kupigwa na dhoruba. Mnamo Februari 2022, dhoruba ambayo haikuwa kali ilivimbisha hewa ya juu ya dunia, na setilaiti zipatazo 40 za Starlink zilizokuwa zimerushwa karibuni zikaanguka na kuteketea. Mwezi Mei 2024 ilipokuja dhoruba kali kuliko zote tangu 2003, wakulima wa Marekani waliokuwa wakipanda kwa matrekta yanayoongozwa na setilaiti walilazimika kusimama katikati ya shamba.

Lakini dhoruba hiyo ya Mei 2024 ina upande wa pili, nao ndio kiini cha makala haya. Haikuleta giza kama la Quebec. Baada ya 1989, Quebec haikukaa kulia. Ilibadilisha vipimo vinavyoamua lini mtambo ujizime, ikatia katika nyaya zake ndefu kapasita zinazouzuia mkondo wa dhoruba, na ikaanza kuupima mkondo huo. Wahandisi wa nchi nyingi leo huletewa onyo mapema, maana vipo vyombo vinavyolichungulia jua mchana na usiku kutoka kilomita milioni 1.5 mbele ya dunia. Hapa Afrika, kituo cha Hermanus nchini Afrika Kusini hufuatilia hali ya anga ya mbali saa 24 kwa siku tangu mwaka 2022. Mtu aliyeonywa saa kadhaa kabla huweza kupunguza mzigo katika nyaya, kuahirisha matengenezo na kuweka akiba ya mitambo tayari.

Yupo atakayeniuliza: nchi ambayo baadhi ya watoto wake hawana madawati ina haja gani na dhoruba za jua? Swali hilo ni halali, nami ningeliuliza kama ningekuwa nadai mabilioni ya kujenga mnara wa kulitazama jua. Siyadai. Hatua nyingi zinazomkinga mtu na dhoruba ya jua ndizo zinazomkinga na tumbili, na radi, na mafuriko, na mwizi anayenyonya mafuta ya transfoma. Transfoma ya akiba haiulizi ile ya kwanza iliharibiwa na nani. Jenereta ya hospitali inayojaribiwa kila wiki itawaka vivyo hivyo. Gridi inayoweza kujigawa vipande, ili ugonjwa wa kipande kimoja usiiue nzima, ni faida kila siku ya mwaka. Dawa moja inayotibu maradhi matano si anasa.

Kwa hiyo nayataja machache. Wanaosimamia gridi ya taifa wafunge vipimo katika transfoma kubwa za Suswa, Loiyangalani na Isinya, tujue ni mkondo gani unaopita wakati wa dhoruba, kwa maana usichokipima huwezi kukisimamia. Shirika la Anga za Juu la Kenya, ambalo liliundwa mwaka 2017, na ambalo mwaka 2023 lilishuhudia setilaiti ya Taifa-1 ikirushwa, liwe kiungo cha kufikisha onyo la Hermanus mezani pa mhandisi wa zamu, kwa lugha anayoielewa na kwa wakati. Hospitali, mabenki na idara za maji ziulizwe hadharani: mtaendelea kwa saa ngapi umeme ukikatika nchi nzima? Na wanafunzi wa kozi za ufundi wa umeme wafundishwe mkondo huu wa polepole kabla hawajakutana nao kazini.

Kwenu walimu wenzangu, letu halihitaji idhini ya yeyote. Sumaku, koili na galvanomita zimo katika maabara nyingi za shule zetu. Unapofundisha sheria ya Faraday, usiishie kwenye koili. Wapeleke wanafunzi dirishani, uwaonyeshe nyaya zinazopita juu ya shamba la shule, uwaulize ni nini kitatokea ikiwa sumaku inayotikisika ni dunia yenyewe. Waonyeshe madoa ya jua kwa kuangusha taswira yake juu ya karatasi nyeupe kupitia darubini ndogo, na uwakanye wasithubutu kulitazama jua moja kwa moja, wala kuchungulia darubini hiyo. Tuna historia ya kujivunia katika jambo hili. Ni kutoka pwani yetu ya Malindi ambapo setilaiti iitwayo Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, ikawa ya kwanza ulimwenguni kuundwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Nchi iliyoyazindua macho hayo haina sababu ya kuwaachia wazushi wa simu somo la anga.

Nanyi wanafunzi, ujumbe wa saa sita na nusu utakapofika tena, msiucheke tu. Mwelezeni mama kwamba simu yake i salama, kisha mwelezeni kilicho hatarini hasa, na kwa nini. Mkishindwa kumweleza, rudini kwa mwalimu na kumwuliza. Akiwajibu kwa mkato na kugeukia ubao, kama nilivyofanya mimi, mwulizeni mara ya pili.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu tumekwisha kuuona, si mara moja, na tulionyeshwa na tumbili bila malipo. Mwalimu wa pili huenda akaja kutoka umbali wa kilomita milioni 150, na huyo karo yake ni ghali.